Idadi ya Watu wa Lihembe

Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa mashine, ilikataa tena. Safari hii ilidai kwamba nukta-mkato imekosekana kwenye mstari ambao Tunsume Mwaipaja alikuwa akiutazama kwa macho yake mawili, na nukta-mkato ilikuwepo pale pale, haina hata aibu. Alijua kosa liko kwingine. Kompaila ndivyo ilivyo: inaumwa mguu, inalalamika jino. Alipandisha ukurasa, akaushusha, akaupandisha tena. Mlango ukafunguliwa bila hodi, na hakuhitaji kugeuka kujua kwamba ni Mhandisi Kinunda amekuja kuuliza kama imekwisha.

"Bado," alisema kabla hajaulizwa.

Kinunda alikuwa mkuu wa Kituo cha Lango, mtu mpole kwa kawaida yake, lakini tangu masika yaliyopita hakuwa na subira na kitu chochote kinachozunguka kwenye skrini. Siku moja ya masika hayo maji ya Mto Ruhala yalishuka kutoka milimani kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia. Lango lilitakiwa lifunguliwe, maji yaelekee magharibi, kwenye mbuga ya Lihembe. Lilibaki limefungwa, kwa sababu sheria ilisema mkono wa mtu usiliguse mpaka hesabu itoe jibu, na hesabu ilikuwa bado inahesabu. Ilipotoa jibu, maji yalikuwa yameshapita katikati ya soko la Mkasale, upande wa mashariki. Dada yake Kinunda alikuwa anauza vitenge kwenye soko lile.

Sheria yenyewe haikuwa ya kipumbavu. Zamani watu ndio walioamua, na mkubwa mmoja aliwahi kuyazamisha mashamba ya wale waliomnyima kura. Baada ya hapo bunge likaamua kwamba uchaguzi kati ya mji na mbuga ufanywe na programu moja tu, iliyoitwa Pima. Pima ilipokea idadi ya watu kutoka kwenye nguzo za kuhesabia zilizosimikwa kila upande wa mto, ikayajaribu maji mara elfu nyingi kwa kubahatisha, yapite hivi, yapite vile, kisha ikasema wapi wataumia watu wachache zaidi.

Tabu ni kwamba Pima iliandikwa kwa Takwi, na Takwi ilikuwa lugha ya wanatakwimu. Mtu wa Takwi huandika kwamba anataka wastani wa safu fulani, akapewa wastani wake, hana haja ya kujua kompyuta imehangaika vipi. Lakini ukiipa Takwi kazi ya kurudia jambo lile lile mara milioni, kila mara inausoma mstari upya na kujiuliza upya kila neno lina maana gani, kama karani anayefungua kamusi kwa kila neno la barua, hata neno "na". Kwa hiyo Pima ilichukua karibu saa nzima, na mto haukuwa na saa nzima.

Kazi ya Tunsume ilikuwa kuking'oa kile kizunguko cha ndani kabisa, mahali maji yanapojaribiwa, na kukiandika upya kwa lugha ngumu, ile ambayo kompaila huitafsiri yote mapema mpaka inakuwa lugha ya mashine yenyewe. Kisha kipande hicho cha kasi kingefungwa kwenye Takwi kwa daraja jembamba la msimbo. Takwi ingeshika jedwali, daraja lingevusha namba, kipande cha kasi kingekimbia nazo, na jibu lingerudi. Kwenye mazungumzo ya chai ilionekana kazi ya mtu mmoja na wikendi moja. Wikendi ilishapita, na nyingine nyuma yake.

Kosa alilikuta mchana ule, mabano yaliyoachwa wazi kwenye faili jingine kabisa, mbali na mstari uliolaumiwa. Aliyafunga, akaamuru tena, na kompaila ikanyamaza. Kimya kile kilimtia wasiwasi kuliko malalamiko. Aliipa Pima takwimu za masika yaliyopita, akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na kabla kikombe hakijafika mdomoni jibu lilikuwa kwenye skrini: *Fungua.*

Kinunda, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni, alikaa chini. Kisha akaomba aione tena, na akaoneshwa tena, na tena, na kila mara alikuwa anaangalia si jibu bali saa ya ukutani. Jioni ile ile aliamuru toleo jipya liwekwe kwenye mashine ya lango. Tunsume alimwomba ampe siku za kulijaribu kwanza. Alijibiwa kwamba atalijaribu likiwa kazini.

* * *

Akalijaribu. Alichukua kila mafuriko yaliyowahi kurekodiwa, akayapitisha kwenye Pima ya zamani na Pima mpya, akaweka majibu pamoja. Yalilingana, yakalingana, mpaka akaanza kujiona hodari. Kisha moja likakataa. Ya zamani ilisema *haijulikani.* Mpya ilisema *fungua.*

Alidhani ni kosa la kuchapa. Akapoteza siku nzima kulitafuta, akila mihogo ya kukaanga iliyopoa na kujibu salamu za watu kwa kuguna, na alipolipata alitamani angekuta ni kosa la kuchapa.

Kwenye Takwi, namba inayokosekana ni kitu kamili chenye heshima yake. Nguzo ikifa, Takwi haisemi kwamba pale pana watu sifuri. Inasema idadi haijulikani. Na kisichojulikana kikijumlishwa na chochote, jumla nayo haijulikani. Pima ya zamani ilipofika hapo ilisimama na kukiri haina jibu, na sheria ikasema kwamba ikitokea hivyo mtu aende akaangalie kwa macho yake. Lakini ndani ya kumbukumbu ya mashine hakuna mahali pa kuandika "sijui". Takwi ilikuwa imejitengea alama: namba hasi ndogo kuliko zote ambazo mashine inaweza kuzishika, na wote walioishi ndani ya Takwi walijua alama ile maana yake nini. Ng'ambo ya daraja hakuna aliyejua. Kipande cha kasi kiliiona ni namba tu, namba hasi, na kwa kuwa nguzo mbovu zilizoea kutuma namba hasi za ovyo, Tunsume mwenyewe alikuwa ameandika mstari mmoja wa busara: chochote kilicho chini ya sifuri kihesabiwe sifuri.

Kwa maneno mengine, nguzo ikifa, watu wake wote wanafutika, na maji yanapelekwa huko kwa sababu hakuna mtu.

Kurekebisha kulimchukua muda wa kunywa chai. Aliongeza ulinzi kwenye daraja: ukiona alama ile, usivuke, rudi useme haijulikani. Akaenda kwa Kinunda na kompyuta mkononi, akiwa na furaha kidogo, akamweleza yote.

Kinunda alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza ni mara ngapi, tangu masika yaliyopita, nguzo zote za Lihembe zimekuwa hai kwa pamoja. Tunsume hakuwa na haja ya kuangalia. Radi zilizipiga, ng'ombe walijikuna kwazo mpaka zikalala. Hazijawahi.

"Kwa hiyo mimi nimeomba jibu la haraka," Kinunda alisema, "na wewe umeniletea *sijui* ya haraka."

"Nimekuletea ukweli, Mhandisi."

"Weka namba."

"Namba gani?"

"Yoyote. Weka sifuri kama ilivyokuwa. Weka wastani wa mwaka jana. Wewe ndiye mtaalamu, mimi nauliza kitu kidogo tu."

Alimweleza, kwa sauti ambayo mwenyewe aliisikia imeanza kupanda, kwamba hakuna namba ndogo pale. Ukiweka sifuri, umeamua Lihembe pafe. Ukiweka namba kubwa, lango halitafunguka kamwe na umeamua Mkasale pafe. Wastani ni uongo uliopigwa pasi. Kinunda alimjibu kwamba asiyeamua naye ameamua, na kwamba yeye anaijua sura ya uamuzi huo kwa sababu aliifunika shuka mwenyewe. Akampa mpaka mwisho wa juma aweke namba.

Tunsume alimpigia simu Mzee Ndyamukama, aliyeiandika Pima na sasa amestaafu Bukoba. Baada ya shikamoo na marahaba alipewa habari za goti, za jirani anayechoma takataka, za kuku wa kisasa wanaokufa bila sababu. Alipopata upenyo aliuliza kwa nini mzee aliiacha Pima iseme haijulikani. Ilikuwa ni falsafa gani? Mzee alicheka. Alisema haikuwa falsafa. Alitafuta namba ya kuweka pale akakosa, muda ukaisha, akakabidhi kazi hivyo hivyo. "Ukiipata wewe, mwanangu, nijulishe," alisema, na akarudi kwenye kuku.

* * *

Mvua haikungoja mwisho wa juma. Siku ya pili adhuhuri vipimo vya milimani vilipiga kelele, na makadirio yakasema wimbi litafika langoni kabla ya saa tisa na nusu. Kinunda alishuka ngazi mbili mbili mpaka chumba cha mashine. Tunsume alikuwa ameshakaa. Kisheria, Pima haikukimbia bila kidole gumba cha mtaalamu wake kwenye kioo, na mbele yake palikuwa na matoleo mawili: lile lenye mstari wa sifuri na lile lenye ulinzi. Alibonyeza la pili.

*Haijulikani. Nguzo ya tano, Lihembe.*

"Kimbiza lile jingine," alisema Kinunda.

"Hapana."

"Tunsume, sitaki kugombana na wewe."

"Basi tusigombane. Tazama saa. Pima ya zamani ingekuwa bado inasoma mistari ya kwanza. Hii imeshajibu, na dakika zote zilizobaki ni zangu, nimezitoa mimi mle ndani, na wewe unataka kuzitumia kukaa hapa tukijifanya tunajua. Nipe niende nikaangalie."

Kinunda aliziba uso kwa viganja. Ndege za kamera zisingeruka kwenye upepo ule, na wote wawili walilijua hilo. Akamtupia funguo za pikipiki.

Tuta lilitoka langoni likaambaa na mbuga yote ya Lihembe. Tunsume aliendesha kwa utelezi na kutukana kimoyomoyo, akiyatukana matope, nguzo, bunge, mkufunzi wake wa chuo. Nguzo ya tano aliikuta imelala kwenye majani kama mlevi, waya wake nje. Hatua chache mbele palikuwa na boma la wafugaji, na mwenye boma alikuja kumpokea. Jina lake Gidamis, mwembamba, mwenye shuka jeusi na simu mbili shingoni. Alipoambiwa mgeni ametoka kituoni alimwambia kwamba ametoa taarifa ya nguzo ile mara tatu, na mara zote tatu aliambiwa asubiri fundi. Alidhani huyu ndiye fundi.

Tunsume alimwambia maji yanakuja. Alimuuliza wako wangapi hapa. Gidamis aliita, watu wakatoka, akina mama na watoto na vijana wa kuchunga, wakapita mbele yake naye akahesabu kwa sauti. Sitini na mmoja. Akapiga simu, Kinunda akaingiza namba kwa mkono, na Tunsume akabandika kidole gumba chake kwenye kioo cha simu. Alikisikia kimya kifupi, kifupi mno, cha ile kasi aliyoitengeneza yeye.

"Imesema fungua," alisema Kinunda. Sauti yake haikuwa na ushindi. "Mkasale wako elfu na elfu, Tunsume. Na sitini na mmoja ni sitini na mmoja."

Tunsume alikuwa ametazamia nini? Huko njiani alijiaminisha kwamba kuangalia kutabadilisha jibu. Hakukubadilisha. Kilichobadilika ni kwamba yeye alikuwa amesimama pale. Alimwomba Kinunda achelewe mpaka dakika ya mwisho inayowezekana, kisha akapaza sauti. Watu walipanda tuta na watoto mgongoni, na vyungu, na magodoro. Ng'ombe walikuwa jambo jingine; walipanda wakashuka, wakagoma, wakatawanyika. King'ora kilipolia, nusu ya kundi ilikuwa bado chini, na Gidamis aliwatazama bila kupiga kelele, mkono kichwani.

Maji yalikuja ya kahawia na ya taratibu kuliko alivyofikiri. Yalijaa tu. Ilipofika jioni Lihembe yote ilikuwa ziwa, na Mkasale, walivyoambiwa kwenye simu, soko lilikuwa kavu na watu wananunua nyanya.

Hapo ndipo Gidamis alipokuja kuuliza kama kuna mtu amemwona mama yake.

Mama yake alikwenda tangu asubuhi nyuma ya matete kumfuata mtamba wa ng'ombe aliyepotea. Tunsume alimuuliza kwa nini hakusema. Gidamis alimwangalia, naye amechoka, akasema alidhani mama ameshapanda tuta kwa upande wa pili, na kwamba aliulizwa wako wangapi *hapa.* Hapa walikuwa sitini na mmoja.

* * *

Walimtafuta kwa tochi kutoka juu ya tuta mpaka mkondo ukawazuia, na kulipopambazuka wakapata mtumbwi wa mvuvi mmoja wa kambare. Gidamis alisukuma kwa upondo, Tunsume alikaa mbele akipangua matete. Alikuwa na usiku mzima wa kufikiri, na hakuwa amefikiri jambo lolote la maana. Alichokuwa nacho ni hasira isiyo na mahali pa kutua. Alikuwa amekwenda mwenyewe, ameona kwa macho yake, amehesabu kwa kidole. Na ile sitini na mmoja, iliyokuwa pungufu, ilivuka daraja bila kuulizwa swali, kwa sababu ilikuwa na sura ya namba.

Simu ililia. Alikuwa Kinunda. Mvua ilikuwa imepiga tena milimani na wimbi la pili lilikuwa njiani. Lango lilifungwa usiku ili maji ya Lihembe yasizidi, na sasa lilihitaji jibu jipya. Alisema nguzo zote za upande ule zimekufa. Alisema hana mtu mwingine wa kumuuliza.

"Nipe namba."

Tunsume aliangalia maji. Palikuwa na matete, na vichwa vya vichaka, na mzoga wa ndama, na zaidi ya hapo ukungu.

"Sijui," alisema.

"Mama wa watu ni mmoja. Andika mmoja, au andika sifuri, jibu litakuwa lile lile. Wewe unajua hesabu kuliko mimi."

"Najua jibu litakuwa nini. Na bado sijui yuko wapi, wala kama ni yeye peke yake. Nikikupa namba, utafungua sasa hivi. Nikikwambia sijui, utalazimika kusubiri. Nakwambia sijui."

Alisubiri atukanwe. Alisikia mlio wa mvua upande wa pili, na Kinunda akipumua. Kisha akamsikia akizungumza na mtu mwingine kando ya simu, kwa uchovu, akiamuru watu wa sokoni waanze kupandishwa shuleni kilimani, wote, na bidhaa waziache. Mtu yule alibisha. Kinunda alimwambia kwamba dada yake hakuambiwa apande, na ndiyo maana hawa wanaambiwa.

"Nimewapa muda mpaka maji yaguse ngazi ya soko," alisema aliporudi. "Tafuteni." Akakata.

Walimkuta juu ya kichuguu, nyuma kabisa ya matete, kisiwa kisichozidi kitanda. Mwanamke mzee, mrefu, kichwa kimefunikwa ngozi, amekaa na mtamba wake mwekundu aliyekunja miguu kando yake. Alikuwa akiongea tangu kabla hawajamfikia, na Gidamis hakutafsiri. Alimwinua tu. Hapo mzee akagundua kwamba mtumbwi hautamchukua mtamba, na akakaa tena.

Walibishana naye. Gidamis alimsihi, akamwamuru, akamsihi tena. Tunsume naye akaingilia, akasema kwa Kiswahili kwamba maji mengine yanakuja, kwamba mjini watu wamepandishwa kilimani kwa ajili yake. Mzee alimjibu kwa Kiswahili kizuri kwamba yeye hakuwaomba. Mwishowe Gidamis alimbeba kama mtoto, akamweka mtumbwini, na mzee hakupigana. Alikaa akiangalia nyuma.

"Kuna mwingine?" Tunsume alimuuliza. "Mama, nakuomba unijibu vizuri. Kuna mtu yeyote mwingine, popote upande huu, unayemjua?"

Mzee aliangaza matete kila upande, na Tunsume hakumharakisha. Hakuna, alisema. Usiku kucha alipiga kelele, na kama angekuwapo mtu huku angemsikia; hakuna aliyemjibu.

Tunsume alipiga simu.

"Lihembe hakuna mtu," alisema, akabandika kidole kwenye kioo.

King'ora kilianza kulia mbali, upande wa lango. Gidamis aliegemea upondo kwa nguvu zote. Mtamba alisimama juu ya kichuguu, akawaangalia wakiondoka, akalia mara moja.

"Umesema hakuna mtu," mzee alisema.

"Ndiyo, mama."

Mzee alivuta ngozi yake kichwani, akampa mgongo, akaangalia kule mtamba alikobaki mpaka wakafika tutani.